Kiwango, Ugonjwa na Uwezekano: Kiswahili cha Majibu ya Kolesteroli huko Katito

1. UTANGULIZI

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa mambo manne: hali ya afya yake, aina za uchunguzi na matibabu zinazopatikana, faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia, na haki yake ya kukataa njia anayoshauriwa, pamoja na yale yanayoweza kumfika akikataa. Kifungu hicho kinaongeza kwamba maelezo hayo, pale inapowezekana, yatolewe katika lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Katiba ya mwaka 2010 ilikwisha kukitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, Kiswahili kimekabidhiwa kazi nzito katika chumba cha daktari.

Uzito wa kazi hiyo hauonekani sana katika maradhi yaliyozoeleka. Mwenye malaria ana homa, mwenye jeraha ana maumivu, na lugha imejaa maneno ya kuelezea hali hizo. Uzito huonekana pale mtu asiyehisi lolote anapokabidhiwa karatasi ya maabara inayosema kwamba kolesteroli yake imezidi. Daktari hamwambii kwamba anaumwa. Anamwambia kwamba miongoni mwa watu wa namna yake wako watakaougua baadaye, na kwamba ziko njia za kuipunguza idadi yao. Hii ni habari ya aina nyingine kabisa, na inadai sentensi za aina nyingine.

Makala haya yanachunguza mazungumzo hayo kwa kuyatazama katika mazingira ya Katito, karibu na ufuko wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Hoja yake kuu ni kwamba tatizo haliko hasa katika uhaba wa istilahi, jambo ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamelishughulikia kwa muda mrefu, bali katika sarufi na mazoea ya usemi: jinsi tunavyosema kwamba mtu ana kitu, jinsi tunavyosema kwamba jambo laweza kutokea, na jinsi tunavyosema kwamba dawa imekwisha. Mifano iliyopewa nambari ni sentensi za kielelezo zilizotungwa kwa ajili ya uchambuzi. Si maneno ya mgonjwa wala daktari fulani.

2. SAFARI YA MAJIBU

Katito ni mji mdogo wa soko katika Nyakach, kaunti ya Kisumu. Uko kwenye barabara itokayo Ahero kuelekea Sondu na Kisii, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Kendu Bay na Homa Bay. Wenyeji wengi ni Waluo, na lugha ya nyumbani ni Dholuo. Hata hivyo, upande wa Sondu wako Wakipsigis, na mbele zaidi wako Wagusii. Wote hao hukutana sokoni na katika matatu, na wanapokutana lugha yao ni Kiswahili. Mtoa huduma akiwa Mluo na mgonjwa akiwa Mluo, Dholuo hutosha. Mmoja wao akiwa ametoka kwingine, Kiswahili hushika zamu.

Kwa hiyo majibu ya maabara husafiri mbali kabla ya kufika mahali pa kufanyiwa kazi, yaani jikoni na kitandani. Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Daktari, au afisa wa kliniki ambaye mgonjwa naye humwita daktari, amesomea kazi yake kwa Kiingereza na hufikiri juu ya karatasi hiyo kwa Kiingereza. Anasema kwa Kiswahili. Mgonjwa akifika nyumbani anaulizwa, “Daktari amesema nini?” naye anajibu kwa Dholuo. Jibu hilo la mwisho ndilo litakaloamua chakula kipikweje na fedha za dawa zitoke wapi.

Kutokana na safari hiyo tunapata kipimo cha kauli njema. Haitoshi kauli ya Kiswahili iwe sahihi; yafaa iwe na uwezo wa kuvuka hadi lugha ya nyumbani bila kumwaga maana yake njiani. Kauli inayotegemea istilahi moja ngumu huvuka kwa shida, kwani istilahi hubaki mlangoni na mgonjwa hufika nyumbani na hofu peke yake.

3. JINA LA KITU

Kitu chenyewe kilipewa jina kwa kubahatisha. Katika karne ya 18 Mfaransa François Poulletier de la Salle alikikuta katika vijiwe vya nyongo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa mwingine, Michel Eugène Chevreul, alikipa jina lililojengwa juu ya maneno mawili ya Kigiriki: nyongo, na kitu kigumu. Msemaji wa kawaida wa Kiingereza au Kifaransa haoni nyongo wala ugumu katika jina hilo. Kwake ni sauti tupu iliyopata maana kwa kutumika. Jambo hili lafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba kila istilahi ni lazima ijieleze.

Kiswahili kina njia tatu za kukitaja kitu hicho. Ya kwanza ni kolesteroli, jina lililotoholewa. Ya pili ni lehemu, linalotumika katika maandishi ya afya, hasa ya Tanzania. Ya tatu ni maelezo: mafuta katika damu. Kila njia ina faida na hasara zake.

Neno lehemu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kawaida ni ile ya ufundi: kuunganisha vyuma kwa madini yaliyoyeyushwa, au madini yenyewe. Likitazamwa vizuri, sitiari hii ina hekima. Lehemu ya fundi ni kitu cha lazima, maana bila hiyo mabomba hayashikani. Lakini ikimwagika ndani ya bomba na kuganda, hupunguza nafasi ya maji kupita. Ndivyo ilivyo kolesteroli. Mwili huihitaji kwa kujengea kuta za seli, kwa kutengenezea homoni kadhaa na kwa kutengenezea nyongo. Inapozidi katika damu, baadhi yake huingia katika kuta za mishipa na kushiriki katika kuifanya myembamba. Tatizo ni kwamba sitiari humfaa anayelijua neno. Nchini Kenya, kazi ya fundi wa jua kali huitwa zaidi kuchomelea, na msikilizaji wa Katito aweza kulisikia neno lehemu kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo anapopewa majibu. Kwake lehemu na kolesteroli yote mawili ni mageni, ila la pili analiona limeandikwa kwenye karatasi yake.

Maelezo mafuta katika damu yanaeleweka upesi, na yanavuka hadi Dholuo bila taabu: mo ni mafuta, remo ni damu. Urahisi huo ndio mtego wake. Katika Kiswahili mafuta ni neno pana mno. Ni yale ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari, na yale yaliyo chini ya ngozi ya mtu mnene. Kutokana na upana huo msikilizaji hutoa hukumu mbili zisizo sahihi. Ya kwanza: kama ni mafuta, basi ni ugonjwa wa wanene, na mtu mwembamba ameandikiwa majibu ya mtu mwingine. Ya pili: kama ni mafuta, basi yote yametoka katika chungu, na mtu akiacha kukaanga tatizo limekwisha.

Hukumu hizo hazikubaliani na elimu ya mwili. Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini lina kazi kubwa katika kuitengeneza na kuiondoa katika damu. Wako watu ambao kwa urithi wa ukoo ini lao haliwezi kuiondoa ipasavyo, hata wakiwa wembamba na wakila kwa kiasi. Utafiti juu ya hali hiyo ndio uliowapatia Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kwa upande mwingine, George Mann na wenzake, waliowapima Wamasai wa Tanganyika na kuchapisha matokeo mwaka 1964, waliona kwamba watu hao waliokula maziwa na nyama kwa wingi walikuwa na kolesteroli ndogo katika damu. Chakula kina nafasi yake, lakini hakisemi neno la mwisho.

Pendekezo linalofaa, basi, ni kutumia jina na maelezo kwa pamoja: kulitaja neno kolesteroli ili mgonjwa aweze kulitambua kwenye karatasi na kuliuliza kwingine, kisha kulifasiri kwa sentensi nzima, wala si kwa neno moja la badala. Neno mshipa nalo linadai tahadhari. Katika Kiswahili hubeba maana ya mshipa wa damu, wa fahamu, na hata ngiri. Kwa hiyo daktari aseme mishipa ya damu kila mara, asije mgonjwa akaenda na ugonjwa mwingine.

4. “UNA KOLESTEROLI”

Linganisha sentensi hizi:

(1) Mzee ana sukari.
(2) Mama huyu ana presha.
(3) Una kolesteroli.
(4) Kiwango cha kolesteroli katika damu yako kimezidi kile kinachofaa.

Sentensi (1) na (2) ni za kawaida katika Kiswahili cha Afrika Mashariki. Kwa maana ya neno kwa neno hazielezi ugonjwa wowote, kwani kila mtu ana sukari katika damu, na kila aliye hai ana presha. Lakini mazoea yameligeuza umbo la kuwa na, likifuatwa na jina la kitu cha mwilini, kuwa tangazo la maradhi. Sentensi (3) imeundwa kwa kufuata mfano huo, na msikilizaji huielewa kwa kufuata mfano huo: ameingiwa na ugonjwa ambao jana hakuwa nao.

Madhara yake ni mawili. Kwanza, mgonjwa husubiri dalili. Anajua kwamba mwenye ugonjwa hujisikia vibaya. Naye hajisikii vibaya. Basi ama majibu si ya kweli, ama ugonjwa umeondoka. Pili, hudhani kwamba kitu chenyewe ni adui mtupu wa kufukuzwa. Sentensi (4) ni ndefu zaidi, lakini inataja kiwango, inataja mahali, na kitenzi kimezidi kinadokeza kwamba kipo kiasi kisichozidi. Neno kiwango ndilo mhimili wa mazungumzo yote.

Kiwango nacho huleta mambo yake. Maabara moja huandika kwa milimoli katika lita, nyingine kwa miligramu katika desilita. Jumla ya kolesteroli ya 5.8 kwa kipimo cha kwanza ni sawa na 224 hivi kwa kipimo cha pili. Mtu aliyepimwa Kisumu akapewa 5.8, kisha akapimwa kwingine miezi mitatu baadaye akapewa 170, aweza kuamini kwamba ameangamia, ilhali 170 ni 4.4 ya kipimo cha kwanza, yaani ameshuka. Tarakimu isiyo na jina la kipimo chake haina maana, sawa na kusema umbali ni 30 bila kusema ni maili au kilomita. Mgonjwa na afundishwe kuuliza: “Hii ni kwa kipimo gani?”

Zaidi ya hayo, karatasi ina tarakimu kadhaa, na haziendi upande mmoja. Watoa huduma huzigawa kwa vivumishi viwili: kolesteroli mbaya, ile iliyobebwa kwa namna inayopenda kujijenga katika kuta za mishipa, na kolesteroli nzuri, ile inayohusiana na kurudishwa kwenye ini. Vivumishi hivyo vina mvuto wa maadili na hukumbukwa kwa urahisi, lakini hugongana na neno juu. Mgonjwa aliyeambiwa “iko juu” anahitaji kujua ni ipi iliyo juu, kwani mbaya ikiwa juu ni habari nyingine, na nzuri ikiwa juu ni habari nyingine. Hapa jozi za majibu ya maradhi ya kuambukiza, kama vile chanya na hasi, amepatikana na hakupatikana, hazina kazi yoyote.

5. KUSEMA UWEZEKANO

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati za kukadiria uwezekano wa mtu kupata mshtuko wa moyo au kiharusi katika muda wa miaka 10. Zimepangwa kwa maeneo ya dunia, eneo la Mashariki ya Afrika kusini mwa Sahara likiwa mojawapo. Chati hizo hutumia umri, jinsia, uvutaji wa tumbaku, presha, kisukari na kiwango cha kolesteroli. Na ipo aina nyingine isiyohitaji maabara, inayotumia uzito wa mtu kwa urefu wake. Maana yake ni kwamba kolesteroli haisomwi peke yake. Kiwango kile kile kwa kijana asiyevuta sigara na kwa mzee mwenye presha na kisukari ni habari mbili tofauti, na aghalabu huleta ushauri wa namna mbili.

Kiini cha habari hiyo, yaani uwezekano, ndicho kigumu kusema. Tazama:

(5) Uko katika hatari ya kupata kiharusi.
(6) Usipotumia dawa utapata kiharusi.
(7) Uwezekano wako wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ni asilimia 20.
(8) Tuseme tuna watu 100 wenye umri, presha na damu kama yako. Katika miaka 10, watu 20 hivi watapata mshtuko wa moyo au kiharusi, 80 hawatapata. Hatuwezi kujua wewe umo katika kundi gani.

Sentensi (5) inatumia neno hatari, ambalo katika Kiswahili ni kitu cha kutisha kilicho karibu: simba ni hatari, mto uliofurika ni hatari. Halina kiasi ndani yake. Mtu haulizi “hatari ngapi?”, hukimbia, au hujikaza akabaki. Sentensi (6) ni mbaya zaidi. Si kweli, kwani wako wengi wasiotumia dawa na wasiopata kiharusi. Tena kiambishi -ta- kikitamkwa na mtu mwenye cheo mbele ya mzee kinakaribia kumtabiria mabaya, na kumtabiria mtu mabaya ni ndugu ya kumwapiza. Mzee aliyeambiwa hivyo aweza kujibu kwa utulivu kwamba mambo ya kesho ni ya Mungu, na mazungumzo yakawa yamekwisha. Jibu hilo si ujinga. Ni jibu sahihi kwa sentensi iliyodai kuijua kesho.

Maneno huenda, pengine, labda na yumkini hayaokoi hali, kwa sababu nayo hayana kiasi. Huenda moja yaweza kubeba 2 kati ya 100 na pia 60 kati ya 100. Sentensi (7) ina kiasi, lakini asilimia ni dhana ya darasani, na mara nyingi haivuki hadi lugha ya nyumbani. Sentensi (8) ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Imejengwa kwa vitu vinavyohesabika, watu na miaka; inataja pande zote mbili, wale watakaopata na wale ambao hawatapata; na inakiri mpaka wa ujuzi wa daktari. Mtu wa Katito anayejua kuhesabu mifugo na miche ya mpunga iliyokufa na iliyosalia hana shida na hesabu ya namna hiyo.

Namna hiyo hiyo yafaa kwa kueleza faida ya dawa. Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi za Skandinavia uliohusu watu 4,444 waliokwisha kuugua moyo na wenye kolesteroli iliyozidi. Nusu yao walipewa dawa iitwayo simvastatini, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 5. Kwa lugha moja, dawa ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Kwa lugha nyingine, kati ya kila watu 100 wasiopewa dawa walikufa 12, na kati ya kila 100 waliopewa walikufa 8. Kauli zote mbili ni za kweli na zinatokana na hesabu ile ile. Ya kwanza hushawishi. Ya pili hueleza. Anayesikia “asilimia 30” peke yake aweza kudhani kwamba watu 30 kati ya 100 wameokolewa. Anayesikia “12, na sasa 8” anaona kwamba wanne wameokolewa, kwamba wanane walikufa pamoja na dawa, na kwamba 88 wangekuwa hai hata bila dawa. Tena ataona kwa nini faida hupungua kwa mtu ambaye hajawahi kuugua moyo: ule uwezekano wake wa mwanzo ni mdogo, basi kinachoweza kupunguzwa nacho ni kidogo. Sheria inaposema mgonjwa aelezwe faida na hatari za kila njia, ni kauli ya namna hii inayotimiza agizo lake.

6. DOZI, KUPONA NA DAWA YA KILA SIKU

Njia zinazowekwa mbele ya mgonjwa kwa kawaida ni tatu, na aghalabu huunganishwa: kubadili chakula na mwenendo, kutumia dawa za jamii ya statini, na kushughulikia yale mengine yanayoongeza uwezekano, yaani presha, kisukari na tumbaku.

Juu ya chakula, amri fupi “acha mafuta” ina kasoro iliyokwisha kutajwa. Ushauri wenyewe unahusu aina: kupunguza mafuta ya mgando, siagi, samli na nyama yenye mafuta mengi; kutumia mafuta ya maji kwa kiasi; kuongeza mboga, maharagwe na nafaka zisizokobolewa. Kando ya ziwa ni muhimu kutaja samaki waziwazi. Mtu aliyeambiwa aache mafuta aweza kuacha ngege na omena, vyakula vyema vilivyo karibu naye, na akabaki na mandazi yaliyopikwa kwa mafuta yaliyotumika mara nyingi. Kinachomfaa ni kubadili mapishi, achemshe badala ya kukaanga, si kumfukuza samaki. Kwamba mwenendo hubadili vipimo si jambo la kubuni katika nchi ya Waluo: utafiti ulioongozwa na Neil Poulter na kuchapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi, ukaona presha yao ikipanda mapema baada ya kufika mjini, kinyume cha wenzao waliobaki nyumbani.

Juu ya dawa, mzizi wa kutoelewana ni neno dozi. Kandokando ya ziwa malaria ni ugonjwa wa siku zote, na kwa miaka mingi watu wamehimizwa wamalize dozi. Dawa ya malaria itumikayo zaidi humezwa kwa siku 3. Dozi huisha, mgonjwa hupona. Wazo hilo limekamilika: ugonjwa, dozi, kupona. Mgonjwa anayepewa statini za siku 30 na kuambiwa “maliza dawa hizi” hufanya alivyoambiwa. Humaliza. Akipimwa na kuambiwa “sasa ni nzuri”, husikia kwamba amepona. Kumbe kiwango kimeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi, na ikiachwa kitapanda tena katika muda wa wiki chache. Mgonjwa huyo si mkaidi. Ametii sentensi aliyopewa. Kauli inayofaa ni kama hizi:

(9) Dawa hii haiponyi. Inashikilia kiwango chini kwa muda wote unapoitumia.
(10) Vidonge hivi vikikaribia kwisha, njoo uchukue vingine. Ukitaka kuacha, tuzungumze kwanza.

Lugha ya eneo hili tayari ina mfano mwingine unaofaa kuliko ule wa malaria, nao ni wa dawa za virusi vya Ukimwi. Nyanza imeguswa sana na Ukimwi, na kwa sababu hiyo maelfu ya nyumba zimejifunza kusema juu ya dawa ya kila siku, juu ya kiwango kinachopimwa katika damu, na juu ya mtu asiyehisi maumivu lakini asiyepaswa kukosa dawa. Hazina hiyo ya usemi yafaa kutumika, lakini kwa busara. Kidonge cha kila siku huweza kuzua maneno ya majirani, na mgonjwa wa kolesteroli aweza kukiacha ili asidhaniwe vingine. Mtoa huduma na aulize: “Nyumbani utawaambia dawa hii ni ya nini?” Tena wako wagonjwa wenye hali zote mbili. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 12, Uganda ikiwemo, kwa watu 7,769 wanaoishi na virusi hivyo. Statini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa zaidi ya theluthi moja. Lakini si kila statini huelewana na kila dawa ya virusi: simvastatini haipaswi kuchanganywa na dawa zenye ritonaviri. Kwa hiyo swali “Unatumia dawa gani nyingine?” liulizwe faraghani, likijumlisha na dawa za miti, na yafaa kukumbuka kwamba katika Dholuo neno yath hubeba maana ya mti na ya dawa pia.

Madhara nayo yasemwe kwa kiasi. Wengi hawapati shida. Wengine hulalamika maumivu ya misuli, na hao warudi waseme, hasa wakiona mkojo mweusi. Mwanamke mwenye mimba au anayetarajia kuipata amjulishe daktari kabla ya kuanza. Gharama itajwe kwa mwezi na kwa mwaka, maana dawa ya kudumu haihesabiwi kama dawa ya siku 3.

7. HESHIMA NA SWALI

Yote yaliyoelezwa yanadhani kwamba mgonjwa atauliza. Mara nyingi haulizi, na sababu yake ni adabu. Daktari kijana humwita mgonjwa mzee au mama, na kwa Dholuo jaduong', au humwita mama kwa jina la mtoto wake, Min fulani. Mgonjwa humwita yeye daktari, na cheo hicho humpandisha juu ya umri wake. Kila mmoja amemheshimu mwenzake. Matokeo yake hakuna anayemhoji mwenzake. Daktari akiuliza “Umeelewa?” jibu la adabu ni “Ndiyo”. Kukanusha kungekuwa kumwambia mwalimu kwamba hakufundisha.

Swali hilo, basi, ni salamu tu, si swali. Badala yake yafaa liulizwe swali lisilojibika kwa ndiyo: “Mama, ukifika nyumbani wakikuuliza daktari amesema nini, utawaambiaje?” Hapa lawama imeondolewa kwa mgonjwa na kuwekwa katika maelezo, na daktari husikia mapema jibu lile la mwisho la safari iliyoelezwa katika sehemu ya 2. Ikibidi, mgonjwa alitoe kwa Dholuo na mhudumu anayeijua asikilize. Vilevile daktari aweza kumfungulia mlango kwa kusema: “Wengi huniuliza kama dawa hii ni ya maisha. Wewe ungependa kujua nini?” Neno wengi humpa ruhusa ya kuuliza bila kujitokeza peke yake.

8. HITIMISHO

Majibu ya kolesteroli ni mtihani mdogo unaofichua jambo kubwa. Kiswahili hakikosi jina la kitu hicho. Kina majina matatu. Kinachohitajika ni mazoea mapya ya sentensi: kiwango badala ya kuwa na, watu kati ya 100 badala ya hatari, inashikilia badala ya kuponya, utawaambiaje badala ya umeelewa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kamati ya istilahi. Zote zimo katika lugha tangu zamani, ila hazijafundishwa kwa wale wanaozihitaji.

Hapo ndipo idara za lugha zinapoingia. Mafunzo ya mawasiliano kwa wanafunzi wa utabibu na uuguzi yasiishie katika orodha ya maneno ya Kiingereza na visawe vyake. Yachukue karatasi halisi ya maabara, yaifasiri kwa sentensi, kisha yazipime sentensi hizo kwa kuzivusha hadi Dholuo, Kigusii na Kikipsigis ili kuona kinachobaki. Mgonjwa aliyeelezwa vizuri bado aweza kuchagua kutotumia dawa, na sheria inampa haki hiyo. Tofauti ni kwamba atakuwa amechagua, na hatakuwa ameacha kwa sababu vidonge vilikwisha.